Wimbi Linalokufa Likibebeshwa Sauti

Kwa habari za redio, katika milima hii yote, kuanzia Malindi kwenye baridi mpaka Vuga, hakuna mwanamke anayenifikia. Najua kuiwasha, najua kuizima, na ikikoroma najua mahali pa kuipiga kofi. Baada ya hapo namwita fundi. Kwa hiyo haya ya transista nimeyapata kwa Dorkasi Shemdoe mwenyewe, aliyenieleza mara tatu, mara ya tatu kwa hasira, nami nayaweka hapa kama nilivyoyashika. Mahali nilipokosea, mlaumuni mwalimu wangu wa darasa la saba. Hatajibu, alishazikwa.

Jumatatu ile, saa mbili asubuhi, Dorkasi aliingia chumba cha kompyuta cha chuo cha ufundi pale mjini Lushoto akiwa na daftari, kalamu mbili na chupa ya chai. Alikuwa amestaafu polisi, kitengo cha mawasiliano, miaka ishirini na miwili akisikiliza redio za askari. Tangu astaafu, watu humletea mambo ambayo kituoni hayana nafasi: mbuzi aliyebadilishwa rangi, barua isiyo na jina, na sasa saketi.

Mwenye saketi alikuwa Dina, binti wa Malindi, mwaka wa pili. Masika ya mwaka juzi udongo ulishuka kijijini kwao ukaibeba nyumba ya mama yake mdogo, na waliokuwa chini hawakusikia kelele za waliokuwa juu. Dina akakaa miezi minne akichora chombo kidogo cha kurushia sauti, ili mlinzi wa juu akiona ardhi imepasuka aseme neno moja, na nyumba zote za chini zilisikie redioni. Hakuwa na vifaa vya kukijenga, kwa hiyo alikijenga ndani ya kompyuta, kwa programu inayoigiza saketi kana kwamba zina umeme wa kweli. Waamuzi wa mashindano kutoka Tanga wangefika siku hiyo saa nane mchana. Saketi itakayoshinda ingejengwa kule Malindi, na mwenye nayo angepata nafasi ya kuendelea na masomo.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, saketi ya Dina ilikuwa inakufa. La pili, saketi ya mwanafunzi mwenzake, Bryson, ilikuwa inakufa vilevile, mahali palepale, kwa maneno yaleyale ya kompyuta. Bryson aliwasilisha yake Ijumaa, Dina akawasilisha Jumamosi. Mwalimu Bartholomeo, mtu wa Tanga anayevaa koti hata jua likiwaka kwa sababu aliambiwa Lushoto kuna baridi na hajawahi kutoka nje kuhakikisha, aliziweka pamoja akaona ni mapacha. Aliyechelewa ndiye mwizi, akasema. Saa nane angewaambia waamuzi walifute jina la Dina, na barua ya kumwondoa chuoni ilikuwa imeshachapwa. Ilikosa sahihi tu.

"Niwashie," Dorkasi alisema.

Dina aliwasha. Alikuwa amelia Jumapili nzima, akawa amemaliza. Kwenye kioo likatokea wimbi zuri, linapanda na kushuka bila kuchoka.

Dorkasi alimwomba amweleze kama anavyomweleza mtu wa sokoni. Dina akafikiri kidogo. Transista na koili yake, alisema, zinatengeneza wimbi hili, na wimbi ni mchukuzi. Sauti ni tenga la peasi. Sauti yenyewe haiwezi kutembea mbali, lazima ipande kichwani kwa mchukuzi. Na hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu mchukuzi akiwa mtupu anatembea vizuri, lakini ukimtwika tenga tu, anaanguka.

Akabonyeza ili sauti iingie. Wimbi likasinyaa, likawa mstari mnyoofu, na kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa kuendelea.

"Ulisema mara ya mwisho ilikuwa nzima Alhamisi asubuhi?" Dorkasi aliuliza.

"Asubuhi ilikuwa inaimba, bibi. Nikaifunga nikaenda gulioni na mama, na Jumamosi nikaiwasilisha bila kuiwasha tena."

Dorkasi aliandika. Kisha wakaanza kutafuta kosa jinsi alivyofundishwa kazini, kipande kimoja kwa wakati, na hakuna kuruka.

Kwanza walishuku macho ya kompyuta. Programu haitazami wimbi muda wote, inafumbua na kufumba, na ikifumba muda mrefu, wimbi la mbio linapita bila kuonekana. Dina akapunguza muda wa kufumba mara kumi. Kompyuta ikawa nzito kama lori la mbao kwenye kona za Soni. Mchukuzi akaanguka vilevile, ila sasa walimwona vizuri akianguka.

Pili walishuku teke la kwanza. Saketi ya kweli huanza kutetemeka yenyewe, kwa sababu duniani hakuna utulivu kamili. Ndani ya kompyuta utulivu upo, na usipoipa teke inakaa kimya mpaka kiama. Lakini teke lilikuwepo. Dina alikuwa ameliandika mwenyewe, na ndiyo maana wimbi tupu lilitembea.

Tatu, Dorkasi alimwambia aache kutazama wimbi, apime umeme kila mguu wa transista, sauti ikiwa imeingia. Mguu wa juu ulikuwa sawa. Mguu wa chini haukuwa na kitu. Mguu wa kati, ule unaoitwa besi, ambao ndio unaoamsha transista, ulipaswa kuwa na volti moja na nusu.

"Sifuri," Dina alisoma. Akasoma tena. "Sifuri, bibi. Imezimwa. Kitu kinaivuta chini."

"Sauti inapita wapi kuingia kwenye besi?"

"Kwenye hii kapasita. Kazi yake ni kuipitisha sauti na kuuzuia umeme wa betri usirudi nyuma."

Dorkasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akamwambia aikuze picha. Aikuze tena. Juu ya kile kialama cha kapasita, karibu mno hata ukadhani ni sehemu yake, ulikuwa umepita mstari mmoja mwembamba kutoka ubavu hadi ubavu.

Waya. Mtu alikuwa ameiruka kapasita kwa waya.

Dina alisema hakuuweka yeye. Akaufuta. Wakawasha, wakaingiza sauti, na mchukuzi akapokea tenga akaondoka nalo, wimbi linavimba na kunywea kama linavyotakiwa.

Dorkasi hakufurahi. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akakishika mkononi mpaka ikapoa, asiinywe. Baadaye akasema arudishe waya kama ulivyokuwa, na asimwambie mtu yeyote juu yake, hata mama yake. Kisha akamwomba afungue maelezo ya faili. Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho Alhamisi, saa saba na dakika ishirini mchana.

Alhamisi ni siku ya gulio. Saa hiyo Dina alikuwa amekaa nyuma ya matenga mawili ya peasi na nusu ya Lushoto ikamwona, mimi mwenyewe nikiwamo, nikimwambia peasi zake ni ngumu ili anipunguzie. Hakunipunguzia.

Kwa hiyo mtu mwingine alilifungua faili la Dina, akaweka waya, akahifadhi. Na kwa kuwa faili la Bryson lilikuwa na waya uleule, lilinakiliwa baada ya hapo.

Bryson aliitwa. Akaja na shikamoo ndefu kuliko kawaida. Dorkasi alimjua tangu akiwa mgongoni, kwa sababu ni mjukuu wa Fanueli, fundi redio, na Fanueli na Dorkasi walikaa kibanda kimoja cha mawasiliano miaka kumi na mmoja. Huyo Fanueli ndiye pia aliyemfundisha Dina kushika chuma cha kulehemu akiwa na miaka tisa, wakati watu wazima wengine walikuwa wakimwambia akachote maji.

Dorkasi alimwonyesha Bryson kapasita kwenye kioo, akauliza inafanya kazi gani.

"Inasaidia."

"Inasaidia nini?"

"Saketi."

"Na hii koili?"

"Nayo inasaidia, bibi."

Alimwuliza Alhamisi alikuwa wapi. Soni, alijibu haraka, na kwaya, tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja, na mwalimu wa kwaya ni shahidi. Dorkasi akapiga simu palepale. Mwalimu wa kwaya alithibitisha, akaongeza kwamba Bryson huimba vibaya ila hakosi kuhudhuria. Dorkasi akauliza nani alimsaidia kuchora. Bryson alisema alichora mwenyewe, na alipokuwa akilisema hilo aliiambia sakafu.

Bryson alikuwa na kitu cha wizi bila kuwa na mkono wa mwizi. Dorkasi akamruhusu aende.

Maryam, mtunza chumba, alikuwa na daftari la wageni lililopigwa mistari kwa rula. Kila mwanafunzi aandike jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Alhamisi, baada ya Dina kutoka saa nne, palikuwa patupu mpaka jioni.

"Hakuingia mtu," Maryam alisema. Alikuwa akienda kuswali adhuhuri na kula, kwa muda wa saa moja hivi, na funguo anakwenda nazo.

"Mwalimu Bartholomeo ana funguo nyingine?"

Anazo, lakini Alhamisi alikuwa Tanga kwenye mkutano, akarudi Ijumaa na mafua kwa sababu kule hakuvaa koti.

Dorkasi alisimama katikati ya chumba. Aligeuza sikio moja, kisha la pili, hata Maryam akauliza kama anasikia vibaya. Ndiyo, Dorkasi alijibu, anasikia vibaya. Asubuhi Dina alikuwa amemwambia kwamba lile sanduku la betri la pembeni, linaloshika kompyuta umeme ukikatika, limekuwa likilia pii, pii, mwezi mzima mpaka watu wanaumwa kichwa. Na yeye yuko humu tangu saa mbili, hajasikia pii hata moja.

"Limetengenezwa," Maryam alisema.

"Lini?"

Maryam akalifunika daftari lake kwa kiganja. Alhamisi. Mchana.

"Na hukuandika."

"Afande, fundi si mgeni. Fundi anaingia na mkoba wake, anafanya kazi yake, anatoka. Nani anamwandikisha fundi?"

Hakuna, kweli. Nami fundi akija kwangu simhesabu hata kwenye vikombe vya chai mpaka aombe. Maryam akaeleza bila kuulizwa zaidi: alimfungulia, akamwacha na betri lake, akaenda kuswali, akaacha na kompyuta imewashwa ili fundi aone kama umeme unashika. Alipotaja jina la fundi, Dorkasi alikuwa ameshaliandika kwenye daftari. Alikuwa ameliandika tangu ule waya ulipoonekana, kisha akalikata, kisha sasa akaliandika tena.

Kwa maana kila fundi ana ugonjwa wake. Yupo anayenusa, yupo anayegonga kwa bisibisi. Fanueli, kwa miaka yote kumi na mmoja ya kibanda kile, redio ikiletwa imenyamaza, kabla hajauliza inaumwa nini alikuwa akitoa kwenye mfuko wa shati waya mfupi wenye vibanio viwili, akairuka kapasita ya sauti, akasikiliza. Kwenye redio ya kweli haina madhara makubwa. Maikrofoni ya kweli ina ukinzani wake, inaguna kidogo tu. Lakini maikrofoni ya kompyuta ni kamilifu kupita kiasi, haina ukinzani hata chembe, na ukiiunganisha na besi bila kapasita inaivuta mpaka sifuri, na transista inazimika. Mtu aliyefundishwa na kompyuta asingefanya kosa hilo. Angelifanya fundi mzee wa meza ya redio tu, aliyekaa mbele ya mchoro usio wake, mkono ukafuata mazoea kabla hajamchukulia mjukuu wake nakala.

Huo haukuwa bado ushahidi. Mwalimu Bartholomeo angesema saa za kompyuta hurudishwa nyuma na wazee husingiziwa. Saa tano na nusu Dorkasi alimwendea ofisini, akamwomba mambo mawili: achukue ile redio yake mbovu iliyo juu ya kabati, na amfuate bila kusema kitu. Mwalimu alikataa. Dorkasi akamwambia basi atie sahihi ile barua sasa hivi, mbele yake, na aandike na saa. Mwalimu akachukua redio.

Dina naye alifuata. Hakuambiwa wanakwenda kufanya nini zaidi ya kwamba wanakwenda kumwuliza Babu Fanueli. Njiani akanunua ndizi za kumpelekea.

Banda la Fanueli liko nyuma ya stendi, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mzee alimpokea Dorkasi kwa Kishambaa, salamu ndefu ya kuulizia wajukuu, ng'ombe na mvua, akapokea shikamoo ya Dina na ndizi zake, akasema huyu mtoto atakuja kumzika kwa heshima. Mwalimu Bartholomeo alibaki mlangoni na redio yake kwapani, akawa mteja kama wateja wengine.

Dorkasi alikaa kwenye kiti cha kamba. Akasema wamekwama. Saketi ya mtoto inakufa ikipewa sauti, na saa nane waamuzi wanafika, na baada ya saa nane mtoto hana chuo.

Uso wa Fanueli ulibadilika. Nadhani hilo la chuo hakulijua. Alisema lakini ni mashindano tu.

"Ni mashindano na barua ya kumfukuza. Wanasema kaiba."

"Kaiba kwa nani?"

"Kwa Bryson."

Mzee akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Dorkasi alimwambia amekuja kwake kwa kuwa hakuna mwingine anayemwamini. Akamwuliza kama ameshawahi kuiona hiyo saketi, maana labda Dina alishamwonyesha, au Bryson.

"Mimi?" Fanueli alicheka kidogo. "Dorkasi, mimi na kompyuta wapi na wapi. Hata simu yangu ni ya kubonyeza. Sijaiona kwa yeyote."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ndiyo naisikia leo."

Dorkasi akamtazama Mwalimu mlangoni, kidogo tu. Kisha akafungua daftari la Dina kwenye ukurasa ule alipoichora saketi kwa mkono, kwa penseli, mwezi mmoja kabla, akaliweka mezani chini ya taa. Asubuhi alikuwa ameupitia mchoro ule mstari kwa mstari. Kapasita ilikuwa peke yake, safi, bila kitu juu yake.

Fanueli alivaa miwani yake yenye mguu wa waya. Alitazama mchoro, lakini si kwa muda wa mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa kwa Dina zaidi, ambaye alikuwa amechuchumaa karibu na goti lake kama alivyokuwa akichuchumaa akiwa na miaka tisa, akisubiri aambiwe.

"Usilie," alimwambia, ingawa hakuwa akilia. "Ni kitu kidogo. Nenda sasa hivi, utawahi. Ondoa ule waya uliopita juu ya kapasita ya maikrofoni, uhifadhi, uwashe. Itaimba."

Nje gari la abiria lilipiga honi, mtu akamwita mtu. Ndani Mwalimu Bartholomeo aliiteremsha redio chini polepole.

"Nionyeshe hapa," Dorkasi alisema. "Kwa kidole, Kaka Fanueli. Macho yangu hayaoni vizuri."

Kidole cha Fanueli kikashuka kwenye karatasi. Kikaipata transista, kikafuata mstari mpaka kwenye kapasita, kikasimama. Kikaenda ubavu mmoja wa kapasita, kikarudi ubavu wa pili, kikapita katikati ambako palikuwa na weupe mtupu. Kikarudia. Juu yake, kwenye mfuko wa shati, vibanio viwili vya shaba vilichungulia.

Dina alikuwa ameinuka. Alitazama karatasi aliyoichora mwenyewe, akatazama kidole, akatazama mfuko.

"Babu," alisema, "nani alikuambia kuna waya?"

Kidole kiliendelea kutafuta.